Mwisho Niliowapa Wanawake wa Noonkopir

Kwa Naipanoi, Noonkopir,
Kitengela.
20 Septemba 1999

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mwanao Jacinta. Natumaini barua hii itakufikia huko Oyugis ukiwa mzima, na kwamba lile goti linakuruhusu kulala siku hizi. Mimi ni mzima. Nakula, nafundisha, na vumbi la Kitengela bado halijanimaliza. Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyotuzoeza, ingawa najua utaisoma barua hii kalamu nyekundu ikiwa mkononi, maana ualimu hauwezi kukutoka hata baada ya kustaafu. Sahihisha upendavyo, lakini tafadhali isome kwanza hadi mwisho.

Barua yako niliipata Alhamisi kwa mkono wa Sydney aliyetoka huko nyumbani. Umenieleza kwamba Jumamosi hii Baba mdogo Ondiek atakuja huku pamoja na mume wangu Ouko, wanichukue wanirudishe Kware. Umenieleza pia kwamba mimi nimeharibiwa na televisheni. Hayo ni maneno ya Ouko, nayatambua, kwa sababu nami alinitumia hayo hayo: ati vipindi vya Wameksiko vimenivimbisha kichwa ndiyo maana nikaihama nyumba yake. Kisha ukaongeza la kwako. Ukasema nyinyi pia mlikuwa mkikifuata kipindi kile kwa mke wa katekista, na mwisho wake mmeuona kwa macho yenu: yule msichana alimsamehe mumewe wakarudi kwao, na akina mama wote wakalia. Ukaniuliza, ikiwa hata yule aliyeteswa vile alisamehe, mimi ni nani nisisamehe?

Mama, niwie radhi, lakini nilicheka. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka Mumbi, jirani yangu anayeuza mboga, akagonga ukuta kuuliza kama niko sawa. Ngoja nikueleze sababu.

Naipanoi ninayepanga kwake ni mjane wa Kimaasai, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Sebuleni kwake ana televisheni ndogo isiyo na rangi, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Umeme haujafika kwenye ploti yetu, kwa hiyo televisheni inakula betri ya gari, ambayo hupelekwa kuchajiwa kule steji ya matatu. Jioni ya kipindi wapangaji wote wa kike tunajaa pale, na wengine kutoka ploti za jirani wanakuja na stuli zao. Shida ni kwamba kipindi kinasemwa kwa Kiingereza cha mbio, midomo ikienda huku na maneno kule. Basi mimi mwalimu ndiye niliyepewa kazi ya kutafsiri. Natafsiri kwa Kiswahili, na Naipanoi anayageuza maneno yangu kuwa Kimaa kwa ajili ya mama mkwe wake. Bibi huyo hucheka wakati sisi wengine tumeshafika kwenye kulia.

Majina ya kigeni yalitushinda. Naipanoi akampa yule msichana jina la Nashipae, na yule mume tajiri tukamwita Masharubu. Nimewaona wanawake wazima wakimwombea Nashipae kanisani. Masharubu alipomfukuza kwenye mvua akiwa na mimba, Mumbi alisusia kipindi kwa siku mbili, kisha akarudi na kuomba asimuliwe yote aliyoyakosa.

Jioni ya mwisho hapakuwa hata na nafasi ya kuweka mguu. Masharubu alikuja mlangoni kwa Nashipae na shada la maua, akaanza kulia. Nashipae akamtazama. Na hapo hapo, Mama, picha ikaanza kujikunja kutoka pembeni, ikawa ndogo, ikawa mstari, ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha. Mumbi, ambaye alikuwa akiitumia kusikiliza kwaya tangu adhuhuri, alitukanwa kwa lugha nne.

Walipomaliza kumtukana walinigeukia mimi. Mwalimu, kwani Nashipae alimjibu nini? Walijua kwamba magazeti huandika mapema kipindi kitakavyokwisha, na kwamba mimi husoma gazeti la Jumamosi pale shuleni. Na kweli nilikuwa nimelisoma. Nilijua kabisa kwamba alisamehe. Nikafungua mdomo niwaambie hivyo, na mdomo ukakataa. Nikawaambia kwamba Nashipae alimtazama Masharubu kutoka juu mpaka chini, akamwambia maua yale ampelekee mama yake, kisha akafunga mlango akaenda kumnyonyesha mtoto.

Ungewasikia! Walipiga makofi na vigelegele. Yule bibi alikitemea kile kioo cheusi mate ya baraka. Mumbi peke yake ndiye aliyelalamika, akisema hata kama ni kuachana, mtu si achukue angalau fanicha. Nilienda kulala nikiwa na furaha ambayo sikuielewa.

Sasa unaona kwa nini barua yako ilinichekesha. Katika Kenya nzima, ni Noonkopir pekee ambako yule msichana hakurudi kwa mumewe.

Lakini uongo wangu haukukaa. Jana mchana walirudia kile kipindi cha mwisho, na safari hii betri ilikuwa imejaa na Mumbi amekatazwa kuigusa. Ningeweza kusema naumwa na kichwa. Nilienda. Masharubu akaja na maua yake, akalia, na Nashipae akamshika mkono. Wote wakaningoja. Nikatafsiri kama ilivyosemwa: nimekusamehe, twende nyumbani. Hakuna aliyelia. Kisha Mumbi akaruka. "Mwalimu! Kumbe ulitulisha matango pori!" Chumba kizima kikavunjika mbavu.

Naipanoi hakucheka. Aliinuka akaizima televisheni, akasimama mbele yangu. "Hii ya leo sipendi," akasema. "Ile yako ndio ilikuwa ya ukweli." Halafu akaniuliza, mbele ya wote, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Mwalimu, ni nani alikupiga?"

Mama, tangu nitoke Kware hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo. Wewe uliniuliza nimemkosea nini Ouko. Baba mdogo Ondiek aliniuliza kama ninampikia kwa wakati. Mchungaji aliuliza kama tunasali pamoja. Imeniuma, na iliyoniuma zaidi ni ya kwako, kwa sababu wewe ndiye nilikuwa nikikungoja uniulize. Nilimjibu Naipanoi, na wanawake wote wakasikia. Sitaki wewe uje uwe wa mwisho kujua.

Jumatatu ya Pasaka nilichelewa kurudi kutoka kumtazama mwalimu mwenzangu aliyejifungua. Ouko alinipiga kofi la sikio la kushoto kabla sijavua viatu. Haikuwa mara ya kwanza, ila hiyo ndiyo iliyobaki mwilini. Asubuhi mto wa kulalia ulikuwa na damu. Wiki ile niliyokuandikia kwamba nina malaria, sikuwa na malaria. Hospitalini Kajiado daktari alinipima na kunipima tena, akaniambia sikio lile halitasikia tena. Watoto darasani wakiniita kutoka upande wa dirishani wanadhani nimewanunia. Na huko Kware, Mama, hatukuwa na televisheni. Kipindi kile sikukijua hata kwa jina mpaka nilipofika hapa nikiwa na sanduku langu. Hakuna Mmeksiko aliyenifundisha kuondoka.

Kwa hiyo sirudi Kware. Sirudi Jumamosi, sirudi Krismasi, na sitarudi hata Ouko akija na maua ya kujaza lori. Kusamehe nitajaribu, maana uliyenilea ni wewe na bado nasali. Lakini naweza kumsamehe nikiwa hapa hapa Noonkopir. Mwaka ujao nimepewa darasa la nne, na mwalimu mkuu tayari ameniambia nichague nisimame upande gani wa darasa. Baba mdogo mwambie aje bila wasiwasi. Nitampikia kuku, nitamheshimu kama baba yangu aliyelala, na akimaliza kula nitamwambia mbele ya Ouko haya haya niliyokuandikia.

Nisalimie mdogo wangu Lorine, na umwambie asome kwa bidii asije akakosa mtihani kwa sababu ya kuhangaikia mavazi ya harusi za watu. Nisalimie akina mama wa kanisa, na mke wa katekista mwambie namshukuru kwa kukukaribisha kwake jioni hizo zote. Naipanoi pia anakusalimu sana, anasema yuko na maziwa ya kutosha na anataka kumwona mama wa mwalimu.

Ninalokuomba ni moja tu. Usiwaache wanaume hao waje peke yao. Funga goti lako, panda gari pamoja nao, uje. Watakapoketi kuzungumza, wewe njoo uketi kushoto kwangu, na lolote litakalosemwa kutoka upande huo, niambie.

Ni mimi bintiyo ninayekungoja,

Jacinta