Mguu Wangu Umeniumbua Harusini

Shoga, nimeumbuka! Hata viatu sijavua.

Si nilikwenda harusini kumchunga binti yangu, niuone huo udijei wake, tukirudi nimkataze? Nikakaa mbele, uso nimeukunja kama nimemeza shubiri.

Anapiga miksi, ukumbi mzima umesimama. Nikamfuata: "Wewe, nyimbo unazichaguaje?"

"Mama, natafuta mtu aliyenuna kuliko wote, naangalia mguu wake. Ukigonga sakafu, wimbo naurefusha. Ukitulia, naubadilisha."

"Na leo mguu wa nani?"

"Wako."

Wangu, shoga! Mguu WANGU ndio umechezesha harusi nzima!

Sasa nitamkatazaje, na kumbe nilikuwa namsaidia kazi? Nakuonya mapema: siku ukienda kumchunga wa kwako, kununa hakutoshi. Kalia miguu.