Simbiliki za Yaya Fabrice

Régine, weye iko? Simbiliki za yaya Fabrice, zile panya kaka anafuga, zimekufa. Zote, Régine! Nimetoka kwake kule Rwambuzi sasa hivi.

Unakumbuka vile zilikuwa zinatafuna mabeseni ya plastiki yenye alizifungia? Kila asubuhi tundu mupya, na simbiliki moja iko chini ya kitanda. Weye ulikuwa unacheka. Basi akachoka na plastiki, akapanga sanduku za chuma kwenye etajere, zile mbao za ukutani, akaacha vitobo vidogo tu vya pumuzi. Akakwaruza chuma na musumari, akafurahi: "Hapa meno itashindwa!"

Meno ilishindwa kweli. Leo jua ilipiga manjanja, yale mabati ya nyumba, sanduku zikawaka sawa sufuria. Aliporudi toka shamba, hakuna hata moja yenye ilikuwa inapumua.

Hakulia. Alipitisha kidole kwenye alama za meno, ndani, kuzunguka kila kitobo. Kila kitobo, Régine.

Nikamwambia: ni jua, si weye. Akasema: "Gentille, siye kule Djugu, siku walituchomea nyumba, tulipona juu tulitoboa ukuta ya matope. Hawa niliwajengea nyumba yenye haitoboki."