Masale ya Skuta

Dada Rehema, shikamoo. Huku Nkoaranga baridi imenivisha kanga yako shingoni.

Leo skuta yangu imezima mlimani, mkanda unanuka kuungua. Nikakata majani ya uzio wa watu, nikayatandaza barabarani magari yanione, kama tufanyavyo kwetu. Mama mwenye uzio akatoka mbio: “Mwanangu, umemkosea nani?” Kumbe ni masale, Wameru huyashika wakiomba msamaha!

“Sijagombana na mtu, mama.”

“Na hii skuta, fundi aliiona lini?”

Nikaangalia migomba.

“Basi iombe yenyewe msamaha.” Akafunga jani kwenye usukani.

Tulipomaliza chai kwake, skuta ikawaka. Ilipoa, au ilisamehe? Nakuletea mche wa masale. Uupande pale unapoegesha ya kwako, maana hali yake naijua.

Mdogo wako akupendaye,
Zaina