Udongo Juu ya Paa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepanda paani kwa mara ya kwanza tangu ufunguzi. Magofu yale ya nyumba za kupanga, yaliyokuwa ya popo na takataka, sasa yana mchicha, nyanya, hata mizinga ya nyuki. Nilichora mimi! Nikajiona mtu. Halafu nikayaona matuta.

Kwenye mchoro wangu udongo ni shibiri moja tu, maana zege lile limezeeka. Leo matuta yananifika magotini. Wanakikundi wa bustani wameinua kingo kwa matofali ya kifusi, wakajaza. Kila anayeona mboga za mwenzake zimenona, naye anaongeza ndoo. Na kinara wao nani? Mama yangu mzazi, mwenyekiti wa bustani. Nikamwambia wapunguze. Akacheka, akasema mboga hazili michoro.

Jumatano, 6 Machi

Nimemleta mhandisi. Akaingia chumba cha miche, chini ya paa lile, akagonga dari. Kuna ufa! Chokaa ikamdondokea begani. Akajipangusa, akanitoa nje. Akasema udongo ukiwa mkavu paa linaweza kuvumilia, ukilowa ni habari nyingine.

Chumba tumekifunga. Mvua zinasemekana ni wiki ijayo. Kupunguza udongo tunaanza Jumamosi. Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka.

Alhamisi, 7 Machi

Sijalala. Kikipita kiwingu tu, roho juu juu. Nimempigia mama simu, nikamwambia bila kuzunguka: udongo ule ukilowa, paa litashuka. Safari hii hakucheka.

"Nimekuelewa, mwanangu. Hatutauacha ulowe."

Nikashusha pumzi. Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 8 Machi

Wiki ijayo wapi — imenyesha leo! Nimefika nahema. Chumba cha miche kitupu, namshukuru Mungu. Kisha nikatazama juu. Wote wako paani! Kikundi kizima kimekimbilia huko na maturubai, kufunika udongo usilowe. Mimi ndiye niliyewatia hofu ya maji. Sikuwaambia kwamba wao wenyewe ni mzigo.

Mhandisi naye kafika, kanikataza kupanda. Kanikataza na kupiga kelele, wasije wakashtuka wakakimbia. Wanashuka mmoja mmoja, wakiambaa na ukuta. Basi nimekaa garini, najikaza kisabuni, naandika ili mikono ipate kazi.

Mshona viatu kashuka. Mkunga mstaafu kashuka, kalowa chapachapa, ananiuliza kwa nini nalia. Mama hataki kutangulia. Mwenyekiti! Sasa kabaki peke yake, upande ule ule wa ufa, kashika ncha ya turubai. Maji yamejaa katikati, turubai limetuna. Akiachia, yote yanamwagika kwenye tuta. Mhandisi anamwonyesha kwa mikono aachie, aje. Mama anatikisa kichwa. Anatulinda, masikini! Anadhani anatulinda.

Kipande cha dari kimeanguka. Nimekisikia hadi humu ndani.

Mhandisi anagonga dirisha. Anasema niende nimwite mwenyewe, huenda mimi atanisikiliza.

Nimwambie nini safari hii?