Maharage ya Utafiti Yako Shambani

Matembwe, Jumamosi, Desemba 1994

Yamepandwa. Yote!

Vifuko ishirini na sita vya maharage, kila kimoja na jina la kijiji yalikotoka, miezi miwili ya kuzunguka hadi Lugarawa, ili nikayachunguze vinasaba kwenye maabara ya chuo. Jana nilikwenda Makambako kukata tiketi. Leo narudi, nakuta vifuko vimefuliwa, vimeanikwa kwenye kamba, na majina yote ya wino yametoka.

"Mama, maharage yangu yako wapi?"

"Shambani. Mvua imenyesha, mbegu ingoje nini? Nimeyachanganya, hili likikataa, lile litazaa."

Huku kwetu hakuna anayepanda maharage ya aina moja. Najua tangu utotoni, ndiyo hasa mada yangu ya utafiti! Na bado nikamwachia vifuko bila kusema neno. Mjinga mimi.

Nikamwambia, machozi yakinilengalenga, kwamba sasa hakuna atakayejua lipi limetoka wapi. Na profesa nitamwambia nini?

Mama akanishangaa. "Si ulisema unasomea kuyatambua kwa damu yake? Basi yakiota, yatambue."