Chupa za Aina Moja

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Kabungu.
Nimemwagilia mchicha. Chai, muhogo wa kuchemsha. Nimemaliza jarida kuukuu alilonipa padri. Habari ya bahari za kaskazini, kwenye barafu. Mataifa kadhaa hupima uchafu wa maji yale, kila moja kwa namna yake, na majibu hayalingani. Sasa wanataka njia moja kwa wote: chupa aina moja, zioshwe namna moja, maji yachotwe kina kimoja. Nimeisoma mara mbili. Fikra safi hunishibisha.

Alhamisi, 5 Agosti
Kijito kinanuka. Watoto wa jirani wanaharisha. Lawama zote kwa Masanja, Msukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wake mwaka jana. Mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano Jumapili baada ya misa: Masanja abaki au aondoke. Sipendi. Nilifukuzwa kwetu Rwanda, najua mtu anavyofunga mzigo kwa haraka. Vitu vya maana ndivyo husahauliwa. Mimi nilisahau kigoda cha baba.

Jumapili, 8 Agosti
Mzee Kapama, mrina asali, alileta chupa ya maji ya kivukoni, wanaponywea ng'ombe. Maji ya njano. Watu wakapiga kelele: mkojo! Masanja naye akatoa chupa yake, maji meupe kabisa. Kumbe aliyachota alfajiri, ng'ombe wangali zizini. Bahari ya barafu hiyo mbele yangu: kila mtu na namna yake ya kupima.

Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kinywa atoe uamuzi. Nyuki akatua kwenye chupa ya Kapama. Kisha kundi. Ilikuwa chupa yake ya asali, hakuisuuza.

"Mzee Kapama, kumbe ng'ombe wangu wanakojoa asali?"

"Kama ni hivyo nipe dume moja, nikalitundike mtini kama mzinga!"

Tulicheka mpaka mwenyekiti akakaa. Nikaomba wiki moja nipime upya. Nimepewa. Sasa naogopa. Nikikuta ni ng'ombe, nitakuwa nimemfukuza mimi.

Jumatano, 11 Agosti
Chupa tatu za soda, aina moja. Nimezichemsha. Jioni, ng'ombe wakishakunywa, tumechota: juu ya kivuko, kivukoni, na chini wanapochota akina mama. Kila mahali mkono umezama hadi kiwiko. Kapama na Masanja walikuwepo, kila mmoja akimchunga mwenzake. Chupa zimelala kwangu, juu ya karatasi nyeupe.

Alhamisi, 12 Agosti
Ya kivukoni ina tope, limetuama chini. Inayonuka kuliko zote ni ile ya juu, ambako ng'ombe hawafiki. Tumekifuata kijito kwenda juu sote watatu. Matenga ya mihogo yamelowekwa mle mle majini, imeoza, imetoa povu. Tenga moja la mke wangu, Veneranda. Nililisuka mwenyewe.

Kapama akaziba pua. "Shemeji anatupikia nini huko?"

Masanja hakucheka. Namheshimu kwa hilo.

Veneranda anasema wanawake wote huloweka pale, maana wakati wa kiangazi ndipo mahali pekee penye kina. Kweli. Masika maji yalisukuma kila kitu, hakuna aliyejua.

Jumapili, 15 Agosti
Nimesema yote mkutanoni, pamoja na tenga letu. Aibu, lakini imepita. Mihogo italowekwa kwenye mashimo, mbali na kijito. Ng'ombe watanywea chini ya mahali pa kuchotea. Maji yachemshwe. Masanja anabaki. Kapama ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Jumamosi, 28 Agosti
Nimechota chupa yangu. Mahali palepale pa juu, saa ileile, mkono hadi kiwiko. Hainuki. Watoto wa jirani wamepona.

Masanja ameleta maziwa mgando. Hayana harufu ya moshi kama ya kwetu. Nimekunywa yote.

Mto wa kwetu Rwanda sikuwahi kuuchotea chupa. Kila siku nasema ulikuwa safi, na sina ushahidi. Kijito hiki nakijua.