Mguu wa Bibi si matende

Xaveria, tumetoka hospitali Rubwera, nimechoka hata kuandika. Bima wamekataa tena bandeji za mguu wa Bibi, eti umeandikwa matende na matende hawalipii.

Daktari akaupima, akasema si matende. Ni uvimbe wa kuzaliwa nao, ataubadilishia kundi la ugonjwa kwenye fomu ya bima ili walipe. Bibi akamwambia, "Tangu utoto wangu, enzi za Mwingereza, nawalaumu mbu bure, mjukuu wangu?"

Nikacheka. Yaani mimi nilicheka.

Halafu daktari akauliza, "Uvimbe huu hurithiwa. Kuna mwingine kwenye ukoo?" Bibi akamtazama mwanangu mgongoni kwangu.

Nikamvua soksi. Daktari akambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo, uvimbe uleule. Akasema, "Huyu tumemuwahi, mama."

Tumemuwahi. Alisema hivyo, Xaveria.